Krom Hendricks na Mkeka wa Newlands

Kuhusu Newlands yameandikwa mengi. Vitabu vya kumbukumbu vya uwanja huo wa kriketi wa Cape Town huanza na mlima unaouinamia, hupita kwenye miti ya mialoni, kisha huorodhesha manahodha, vikombe na rekodi. Ni historia inayostahili kupendwa, kwani viwanja vichache duniani vimechezewa kriketi kwa muda mrefu hivyo na mahali pazuri hivyo. Lakini mmoja wa watu waliousimamisha uwanja huo ndiye huyohuyo aliyesaidia kumfungia nje mrushaji mpira aliyewatia hofu wapigaji wa Uingereza, na mambo hayo mawili ni ya kitabu kimoja. Mrushaji huyo aliitwa William Henry Hendricks. Wenzake walimwita Krom.

Kwanza uwanja wenyewe. Klabu ya kriketi ya Western Province iliundwa mwaka 1864, na kwa zaidi ya miaka ishirini ilicheza bila nyumba ya kudumu. Ardhi ya Newlands ilikuwa ya Lydia Letterstedt, binti wa tajiri wa Kiswidi, Jacob Letterstedt, aliyejenga pale kiwanda cha bia na kinu cha kusagia ngano. Kinu hicho, kinachoitwa Josephine, bado kinaonekana jirani na uwanja. Klabu ilikodi kipande cha ardhi ile na kukisawazisha, na tarehe 2 Januari 1888 ikachezwa mechi ya ufunguzi, waliozaliwa Uingereza dhidi ya waliozaliwa koloni. Tarehe hiyo ilikuwa na wenyewe mjini Cape Town tangu zamani. Januari 2 ndiyo siku ambayo watumwa walipewa mapumziko, na wajukuu wao waliendelea kuisherehekea kwa ngoma na maandamano wakiiita Mwaka Mpya wa Pili. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza Newlands iliandika jina lake juu ya sikukuu ya watu ambao baadaye ingewatengea upande wao wa kukaa.

Nyuma ya kazi hiyo alikuwako William Milton, Mwingereza aliyewahi kuichezea nchi yake raga kabla ya kuhamia Cape. Alikuwa mtumishi wa serikali, mchezaji hodari na mpangaji asiyechoka. Machi 1889, Waingereza walipokuja kucheza mechi ya pili ya Testi, yaani mechi rasmi kati ya nchi na nchi, katika historia ya Afrika Kusini, na ya kwanza kuchezwa Newlands, Milton ndiye aliyekuwa nahodha wa wenyeji. Ilikuwa aibu. Johnny Briggs wa Lancashire aliangusha wiketi 15 kwa mikimbio 28 tu katika zamu mbili, na wenyeji wakatolewa kwa 47, kisha 43. Mmoja tu ndiye aliyesimama imara. Huyo ni Augustus Bernard Tancred, aliyeingia wa kwanza na kubaki na gongo lake mkononi hadi wenzake wote walipotoka, akiwa na mikimbio 26 kati ya ile 47. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo katika mechi ya Testi kabla yake. Jina la Tancred liwekwe akilini, maana litarudi kwa sababu nyingine.

Wakati huo kriketi ya Cape Town haikuwa mali ya wazungu peke yao. Mitaa ya chini ya Signal Hill ilikuwa na vilabu vya Waislamu walioitwa Wamalay, wajukuu wa watumwa na wafungwa walioletwa na kampuni ya Kiholanzi kutoka visiwa vya Indonesia, India, Madagaska na pia pwani yetu ya Afrika Mashariki na Msumbiji. Walikuwa mafundi: washonaji, waashi, maseremala, madereva wa magari ya farasi, wavuvi. Siku za mechi kubwa walijaa Newlands, na mara nyingi walimshangilia mgeni. Kule mashariki mwa koloni, mjini King William's Town, gazeti la John Tengo Jabavu, Imvo Zabantsundu, lilichapisha habari za kriketi za vilabu vya Waafrika. Huko Kimberley, kwenye almasi, Waafrika waliosoma walikuwa na klabu zao, na kijana Sol Plaatje, ambaye baadaye angekuwa mwandishi na mwanasiasa mkubwa, alikuwa katibu wa mojawapo. Mchezo uliopelekwa na Waingereza kama alama ya ustaarabu wao ulipokelewa na watu wengi walioamini kwamba ukiucheza vizuri, na kwa heshima, utahesabiwa kuwa sawa na mwingine.

Hendricks alikulia katika imani hiyo. Alikuwa mrushaji wa kasi, na kasi katika enzi ile ilikuwa kitu cha kutisha kuliko leo, kwa sababu ya sakafu yenyewe. Afrika Kusini ya wakati huo haikucheza juu ya nyasi. Katikati ya uwanja palishindiliwa ardhi hadi ikawa ngumu, kisha ukatandikwa mkeka wa nyuzi za makumbi, ukavutwa na kupigiliwa misumari pembeni. Mkeka ukivutwa sawasawa, mpira unaotua juu yake huruka ghafla kuelekea mbavu au kidevu cha mpigaji. Ukilegezwa kidogo, mpira huushika na kugeuka njia, na wenyeji wajanja walijua wakati wa kuvuta na wakati wa kulegeza. Mpigaji alivaa pedi nyepesi miguuni na glovu nyembamba. Kofia ya chuma haikuwapo. Mtu wa kurusha kwa nguvu juu ya mkeka huo aliwatoa watu jasho kabla hajaanza kukimbia.

Machi 1892 ilikuja timu nyingine ya Uingereza, ikiongozwa na Walter Read wa Surrey. Newlands walishuhudia tena fedheha: Waingereza walipata mikimbio 369, wenyeji wakatolewa kwa 97 na 83, na J. J. Ferris, aliyekuwa ameichezea Australia, aliangusha wiketi 13. Nahodha wa wenyeji alikuwa Milton. Mara tu baada ya mechi hiyo kumalizika, uwanjani hapohapo, Waingereza walicheza na timu ya Wamalay. Kwa kuwa wenyeji walihesabiwa kuwa dhaifu, waliruhusiwa kupanga wachezaji 18 dhidi ya 11, kama ilivyokuwa desturi ya safari za wakati ule.

Waingereza walishinda kwa wiketi 10, na hilo halikumshangaza mtu. Kilichosemwa mjini ni vitu viwili. L. Samsodien alipiga mikimbio 55 dhidi ya warushaji waliokuwa wamewafagia wateule wa nchi nzima. Na Hendricks, ambaye hakuwa Mwislamu lakini aliichezea timu ile, alirusha ova 25 na kuangusha wiketi 4 kwa mikimbio 50. Wapigaji waliokuwa wamejinenepesha kwa warushaji wa Milton walilazimika kujikinga. Katika mechi hiyo wachezaji wa kulipwa wa Uingereza, watu wanaoishi kwa kuupima mpira, walimwona mrushaji wa kweli. Read aliwaambia wenyeji wazi kwamba wakipeleka timu Uingereza, wampeleke Hendricks. Angevuta watazamaji, na alimfananisha na Spofforth, Mwaustralia aliyeitwa Shetani na aliyekuwa kipimo cha warushaji wote wa kasi. Mechi ya namna hiyo, timu ya Uingereza dhidi ya Waafrika Kusini wasio wazungu, haikuchezwa tena kwa miongo mingi.

Miaka hiyohiyo timu ya jimbo, Western Province, ilikuwa bingwa. Kombe la Currie, lililotolewa na Sir Donald Currie mwenye meli, lilikuwa limeanza kushindaniwa mwaka 1890, na Western Province ililitwaa msimu wa 1892–93 na tena 1893–94. Hendricks hakuwa kwenye timu hiyo, na mtu anayesoma orodha za mabingwa bila kujua habari zake atadhani jimbo lilikuwa limetumia wachezaji wake wote bora.

Mwaka 1894 Afrika Kusini iliamua kupeleka timu yake ya kwanza Uingereza. Katibu wa chama cha kriketi cha nchi, Harry Cadwallader, mwandishi wa habari, alikuwa mtetezi mkubwa wa Hendricks, na jina la Hendricks likaingia katika orodha ya wachezaji waliopendekezwa. Kwa wiki kadhaa ilionekana inawezekana. Mjini Johannesburg, ambako watu hawakuwa wapole kwa rangi nyingine hata kidogo, walikuwapo waliotaka achukuliwe kwa sababu moja tu, kwamba bila mrushaji wa kasi timu ingechekwa.

Mlango ulifungwa Cape Town. Waziri Mkuu wa Koloni la Cape alikuwa Cecil Rhodes, na Milton alikuwa akifanya kazi ofisini mwake. Wakati huo serikali ya Rhodes ilikuwa ikijenga, sheria baada ya sheria, ukuta kati ya wazungu na wengine: mwaka 1892 ilipandisha masharti ya kupiga kura kwa namna iliyowapunguza wapiga kura weusi, na mwaka 1894 ikaja Sheria ya Glen Grey iliyogawa ardhi ya Waafrika na kuwatoza kodi ili waende kufanya kazi kwa wengine. Katika hali hiyo, mtu wa damu mchanganyiko kuwakilisha nchi mbele ya Malkia Victoria, akila meza moja na wenzake melini na hotelini, lilikuwa jambo lenye maana kubwa kuliko wiketi. Ilisemwa tangu wakati huo kwamba Hendricks aliondolewa kwa shinikizo la watu wa ngazi za juu kabisa katika Koloni.

Kabla hajaondolewa palijaribiwa njia ya kati, na hapa ndipo moyo wa mambo ulipo. Ilipendekezwa aende kama mbeba mizigo. Angesafiri na timu, angeangalia mabegi na magongo ya wenzake, na akihitajika angerusha mpira. Tancred, shujaa wa mwaka 1889, mpigaji niliyeomba jina lake liwekwe akilini, aliandika kwamba kwa cheo cha mizigo huenda ingefaa, lakini kumchukua kama mtu sawa na wengine kungekuwa jambo lisilovumilika kwa mtazamo wa Afrika Kusini, na kwamba kwa masharti hayo asingemtaka hata kama angekuwa mrushaji bora kuliko George Lohmann. Lohmann alikuwa ndiye mrushaji bora wa Uingereza. Maneno hayo yana uzito wake kwa sababu yanatoka kwa mtu aliyejua kriketi. Tancred hakudai kwamba Hendricks hajui kurusha. Alikubali kwamba anajua, kisha akasema haijalishi.

Hendricks alijibu kwa barua gazetini, katika Cape Times. Alieleza kwamba si Mmalay. Baba yake alizaliwa Cape Town kwa wazazi Waholanzi, na mama yake alitoka kisiwa cha Mtakatifu Helena. Kisha akasema hata kufikiria kwenda kwa cheo cha mbeba mizigo hafikirii. Mimi naiona barua hiyo kuwa kitendo kikubwa kuliko wiketi zake nne. Mtu wa hali yake, katika mji wa Rhodes, alikuwa na kila sababu ya kuinamisha kichwa, kupanda meli na kuitumainia nafasi ya kurusha japo mara moja mbele ya Waingereza. Safari ile ingemfanya ajulikane, na pengine klabu ya Uingereza ingemwajiri. Alijua anachokikataa.

Nasikitika pia kwa sehemu ya kwanza ya barua. Ili apewe haki yake ilimbidi aeleze ukoo wake, kama vile kuzaliwa na Mholanzi kungeongeza kasi ya mpira au kuwa Mwislamu kungeipunguza. Wamalay aliocheza nao mwaka 1892 walistahili nafasi kama yeye, Samsodien akiwa wa kwanza. Lakini lawama ya swali iwe juu ya walioliuliza.

Cadwallader, aliyetarajiwa kuwa meneja wa safari, alivuliwa kazi hiyo, akapewa mtu mwingine, William Simkins wa Cape Town. Timu iliondoka chini ya Herbert Castens. Ilicheza mechi 24, ikashinda 12, ikafungwa 5 na kutoka sare 7. Kulikuwa na siku moja ya fahari, walipoifunga klabu ya MCC uwanjani Lord's kwa tofauti ya mikimbio 11, na W. G. Grace mwenyewe, mchezaji mashuhuri wa Uingereza, akiwa upande wa pili. Lakini mechi zao hazikupewa hadhi ya daraja la kwanza, watazamaji hawakuja kwa wingi, na safari iliishia kwenye upungufu wa fedha. Read alikuwa amewaambia miaka miwili kabla ni nani angewavutia watu.

Rhodes hakuona aibu. Akizungumza baadaye Oxford na mchezaji kijana Pelham Warner, alisema yeye ndiye aliyekataa Hendricks asiende, kwa kuwa Waingereza wangetegemea awarushie bumarangi wakati wa chakula cha mchana. Alimchanganya Hendricks, kwa makusudi au kwa dharau, na timu ya wenyeji asilia wa Australia iliyozuru Uingereza mwaka 1868 na kufanya maonyesho kama hayo. Warner aliyahifadhi maneno hayo kwa maandishi, na ndiyo sababu leo hakuna haja ya kukisia nani alitoa amri.

Mwaka 1896 timu ya Lord Hawke ilikuja na Lohmann. Port Elizabeth, Lohmann aliangusha wiketi 7 kwa 38, kisha 8 kwa 7, na Afrika Kusini ikatolewa kwa mikimbio 30. Johannesburg alipata 9 kwa 28. Afrika Kusini ilipoteza mechi zote tatu za Testi. Jina la Hendricks lilitajwa tena, likakataliwa tena. Katika mechi ya Johannesburg alianza kuichezea nchi Charles Llewellyn kutoka Pietermaritzburg, ambaye waliomfahamu wengi walisema naye ana damu mchanganyiko. Ngozi ya Llewellyn ilikuwa nyeupe kiasi cha kuwaruhusu wakubwa wasiulize. Baadaye aliajiriwa Hampshire na kuishi Uingereza. Tofauti kati ya watu hao wawili, mmoja akipita na mwingine akizuiwa, haikuwa ya uwezo, na wala haikuwa ya ukoo. Ilikuwa ya namna walivyoonekana mtu akiwatazama kutoka jukwaani.

Milango iliendelea kufungwa ngazi kwa ngazi. Baada ya timu ya taifa na ya jimbo, miaka ya mwisho ya karne hiyo chama cha Western Province kilimkatalia Hendricks hata mechi za ubingwa wa vilabu, ambazo klabu ya Woodstock ilitaka kumchezesha. Milton wakati huo alikuwa amekwenda kaskazini kwa ajili ya Rhodes, akawa Mtawala wa Rhodesia ya Kusini hadi mwaka 1914. Afrika Kusini ilipoteza mechi zake nane za kwanza za Testi na haikupata ushindi wowote hadi Januari 1906.

Watu waliozuiwa walijenga vyama vyao wenyewe, na hii ndiyo taasisi ya pili ya Cape Town ambayo vitabu vya sherehe huipita haraka. Kutoka Kimberley lilikuja kombe la kumbukumbu ya Barney Barnato, tajiri wa almasi, lililoshindaniwa na majimbo ya watu wasio wazungu kwa miongo mingi. Walioitwa Machotara, Wamalay, Wahindi na Waafrika kila mmoja alikuwa na bodi yake, mpaka zilipokutana mwaka 1947 katika Bodi ya Udhibiti wa Kriketi ya Afrika Kusini, iliyojulikana kwa kifupi SACBOC. Wengi walichezea Green Point, eneo la wazi karibu na bahari, mechi nyingi kwa wakati mmoja, ubavu kwa ubavu, hata mpigaji wa mechi moja akakwepa mpira wa mechi jirani. Wachezaji walifika mapema asubuhi, wakaokota mawe, wakamwagia maji, wakaubeba mkeka mabegani na kuutandika. Ndipo alipokulia Basil D'Oliveira, mzaliwa wa Signal Hill.

Na hapa Afrika Mashariki tuna mkono wetu katika habari hii. Mwaka 1956 Waasia wa Kenya walisafiri hadi Afrika Kusini kucheza na SACBOC, jambo ambalo hakuna nchi kubwa ya kriketi iliyothubutu kulifanya. Cape Town walichezea Hartleyvale, uwanja wa mpira wa miguu, maana Newlands haikuwa yao. Nahodha wa wenyeji alikuwa D'Oliveira. Mwaka 1958 SACBOC ikarudisha ziara na kuja kucheza Afrika Mashariki, D'Oliveira akiongoza tena. Timu ya kwanza ya Afrika Kusini iliyochaguliwa bila kuwapendelea wazungu kwenda kucheza nje ya nchi ilipokelewa huku kwetu, Uingereza na Australia zikiendelea kukaribishwa Newlands kama kawaida. Miaka miwili baadaye D'Oliveira alihamia Uingereza, akaichezea mechi 44 za Testi, na mwaka 1968 serikali ya ubaguzi wa rangi ya Waziri Mkuu Vorster ilipokataa asije na timu ya Uingereza, dunia ikaamka. Ilikuwa amri ileile ya mwaka 1894. Safari hii aliyekataliwa alikuwa na nchi nyuma yake.

Vyama viwili vya kriketi, cha wazungu na cha waliozuiwa, viliungana Juni 1991. Omar Henry, mchezaji asiye mzungu, aliichezea Afrika Kusini mechi ya Testi mwaka 1992 akiwa na miaka 40. Machi 1998, Newlands, Makhaya Ntini akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea Afrika Kusini mechi ya Testi, naye ni mrushaji wa kasi. Mechi za SACBOC na mrithi wake kuanzia msimu wa 1971–72 hadi 1990–91 zimekwisha kutambuliwa kuwa za daraja la kwanza, na wachezaji wake wamepata hesabu zao katika vitabu rasmi.

Utambuzi huo haukurudi nyuma hadi kwa Hendricks. Mwaka 2020 wanahistoria Jonty Winch na Richard Parry walichapisha kitabu kizima juu ya maisha yake, na tangu hapo hakuna mwandishi wa historia ya Newlands anayeweza kusema hakusikia. Katika daftari la daraja la kwanza bado hana hata mechi moja, kwa kuwa ile ya Machi 1892 iliwahusu watu 18 dhidi ya 11 na kwa kanuni haihesabiwi. Kanuni hiyo siidai ibadilishwe. Ninachodai ni nafasi katika historia ya jimbo, kwenye ukurasa uleule wa mabingwa wa 1892–93 na 1893–94, iandikwe kwamba Western Province ilikuwa na mrushaji mwingine, jina lake William Henry Hendricks, ova 25, wiketi 4 kwa mikimbio 50 dhidi ya Waingereza, na chini yake yaandikwe majina ya waliomzuia na vyeo vyao.